Mpeni Moyo: Mwongozo Kamili wa Kuitamba Upya Hadithi ya Kima na Papa Pamoja na Watoto

Bibi yangu alikuwa akifika pale Papa anapomwambia Kima kwamba Sultani anautaka moyo wake, ananyamaza. Anaendelea na kazi yake ya kuchambua mchele kwenye ungo kana kwamba hadithi imeisha. Sisi wajukuu tumelala kifudifudi juu ya jamvi, tunavumilia, tunavumilia, mpaka mmoja ashindwe: "Halafu, bibi?" Naye hujibu, "Ungekuwa wewe ndiye Kima, ungefanyaje?" Tungesema ovyo, tungebishana, mdogo wetu angelia, ndipo aendelee.

Siku hizi natamba hadithi kwa watoto wa mtaani kwetu, Tanga, kila Jumamosi, na bado naamini kazi yote iko kwenye kile kimya cha bibi. Kuwaambia watoto "semeni baaa kama mbuzi" halafu ukaendelea na hadithi ileile uliyokuja nayo si kuwashirikisha. Mtoto ameshirikishwa pale neno lake linapoweza kuigeuza hadithi. Mwongozo huu unaeleza hatua kwa hatua jinsi ninavyoendesha kikao kimoja cha namna hiyo, cha dakika 50 hivi, kwa watoto wa miaka 5 hadi 9.

Hadithi yenyewe, kwa asiyeikumbuka

Kima anakaa juu ya mkuyu mkubwa, nusu ya matawi iko nchi kavu, nusu imeinamia bahari. Kila siku anamtupia Papa makuyu, wakawa marafiki. Siku moja Papa anamwalika kwao, anambeba mgongoni. Walipofika katikati ya bahari anamwambia ukweli: Sultani wetu mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba kima hawatembei na mioyo yao, huiacha mtini, turudi nikauchukue. Papa anamrudisha, Kima anapanda juu na hashuki tena. Papa akimwita, Kima anamwuliza kama anamdhani kuwa punda wa dobi, na hapo kinaanza kisa kingine.

Wako watakaosema hadithi ya wazee haiguswi. Nawaheshimu, lakini hadithi hii imeguswa kabla hatujazaliwa. Katika Panchatantra, mkusanyo wa kale wa hadithi za Bara Hindi, rafiki wa majini ni mamba. Katika Kalila wa Dimna, iliyotiwa Kiarabu na Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8, ni kobe. Ilipofika kwetu, bahari yetu ina papa, basi akawa papa, na mti ukawa mkuyu. Mwaka 1870 mmisionari Mwingereza Edward Steere alichapisha masimulizi aliyoyakusanya Unguja, na hii imo. Kila bandari imeivalisha nguo yake, na sisi tunaishona mpya kwa kitambaa chetu wenyewe.

Kitambaa hicho ni neno moja: moyo. Kwa Kiswahili, kumpa mtu moyo si kumpasua mtu kifua. Ni kumtia nguvu, kumwambia usikate tamaa. Basi katika hadithi yangu tabibu wa baharini, Kasa mzee, alimtazama Sultani, akaona hana homa wala jeraha, ila amekata tamaa. Akasema: "Mpeni moyo." Maneno yakapita kinywa kwa kinywa, samaki kwa samaki, mpaka yakamfikia Papa yakiwa na mkia: "Mpeni moyo wa kima."

Usiwaambie watoto siri hii. Kikao kizima kimejengwa ili waigundue wenyewe.

Hatua ya 1: Jifunze mifupa, si maneno

Usikariri. Andika hadithi kwenye kipande cha karatasi kwa vituo sita tu: mtini, mwaliko, katikati ya bahari, swali la Kima, msururu wa samaki, kwa Sultani. Mtambaji aliyekariri sentensi huchanganyikiwa mtoto akimkatiza, na hapa watoto watakukatiza, tena wewe ndiye utakayewaomba wakatize.

Tamba peke yako kwa sauti mara mbili. Mara ya kwanza tafuta sauti ya Papa. Nakushauri usimpe sauti nzito ya kutisha. Papa huyu ni rafiki aliyetumwa jambo zito akaogopa kulisema. Mpe sauti ya mtu anayemeza mate. Ukimfanya jini, watoto watamchukia tangu mwanzo na swali la baadaye halitakuwa na uzito.

Hatua ya 2: Mahali na vifaa

Panatosha barazani, chini ya mwembe, au darasani ukisukuma madawati ukutani. Watoto 15 hadi 25 ndio kiasi kizuri. Wakizidi 30 tafuta mtu mzima wa pili.

Tandika mkeka upande mmoja: hiyo ni nchi kavu. Upande wa pili ni bahari, nayo ni doti ya kanga ambayo hukuikata, au kanga mbili zilizofungwa ncha kwa ncha. Chagua kanga ya buluu au kijani, na soma jina lake kabla ya kuja nayo! Watoto wanaojua kusoma watalisoma kwa sauti, na majina mengine ya kanga ni mambo ya wakubwa. Ukipata yenye jina la wema au subira, utakuwa umepata msaidizi.

Ongeza vifuu viwili vya nazi vya kugongesha na kikapu cha makuyu. Makuyu ni karatasi kuukuu uliyoifinyanga vibonge vya ukubwa wa limau, kimoja kwa kila mtoto na vichache vya akiba. Usilete matunda ya kweli ya kutupiana; yatakanyagwa, na wadogo watayatia mdomoni. Kwa watoto wa bara ambao papa hawamjui ila mkavu wa sokoni, chora mmoja kwa mkaa kwenye boksi. Basi. Vinyago, vipaza sauti na mavazi ya kukodi sivitaki. Vitu vikiwa vingi watoto hutazama vitu.

Hatua ya 3: Fundisha maji kabla ya hadithi

Ningeruhusiwa kukuachia hatua moja tu, ningekuachia hii. Watoto wanane wanashika pindo za kanga, wengine wanatumia mikono. Wafundishe amri nne:

"Maji yanajaa": inueni polepole, na sauti ya "shhh" ikue.
"Maji yanakupwa": teremsheni, sauti ififie.
"Bamvua!" (maji yanapojaa kupita siku zote): juu kabisa, kelele zote ruksa.
"Maji mafu" (siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo tu): kanga chini, hakuna anayepumua kwa sauti.

Zoeza kwa dakika tano, ukirukaruka kutoka amri moja hadi nyingine mpaka wacheke. Wamejifunza maneno ya bahari ambayo hata watoto wa pwani wameanza kuyasahau, nawe umepata kifaa cha kutuliza kikao bila kufokea mtu. Kelele zikizidi katikati ya hadithi, sema kwa sauti ya chini, "Maji mafu." Sijawahi kuhitaji fimbo wala kengele.

Hatua ya 4: Fungua kwa mlango wanaoujua

Waulize kwanza kwao wanafunguaje. Wengine watasema "Hadithi! Hadithi!" na jibu "Hadithi njoo! Uongo njoo! Utamu kolea!" Pwani utasikia "Paukwa!" "Pakawa!", na wenye bibi wazuri wataendelea mpaka kwa chanjagaa aliyejenga nyumba akakaa. Mtoto aliyelelewa Kenya huenda akaongeza "Sahani!" "Ya mchele!" "Giza!" "La mwizi!" Tumia zote, mmoja baada ya mwingine. Mtoto aliyesikia mlango wa kwao umefunguliwa mbele ya wenzake huketi kwa namna nyingine.

Hatua ya 5: Mtini

Watoto wote walio mkekani ni Kima. Mtambaji ni Papa, anasimama nyuma ya kanga. Fundisha kiitikio:

Mtambaji: Kima rafiki, uko?
Watoto: Niko juu kileleni!
Mtambaji: Nina njaa tumboni!
Watoto: Shika kuyu, pokea!

Na makuyu yanaruka kuvuka bahari. Rudia kwa siku tatu za hadithi, kila siku ukibadili kitu kidogo. Siku ya kwanza Papa anakula tu. Siku ya pili anashukuru na kuuliza habari za watoto wa Kima, waache wajibu. Siku ya tatu anakuja kimya, hana njaa, makuyu yanamwangukia kichwani na hayali. Usieleze kwa nini. Kuna mtoto atasema, "Papa anaumwa." Mwambie tu, "Wewe umeona."

Kisha mwaliko. Papa anasema, "Rafiki yangu, umenilisha siku nyingi. Twende kwetu." Waulize: "Tunapanda?" Wengi watapiga kelele kwamba wanapanda. Wachache walioisikia hadithi shuleni watapaza sauti: "Usipande! Anataka moyo!" Usiwanyamazishe. Waambie, "Nyinyi mmeusikia upepo wa zamani. Kaeni karibu nami, nitawahitaji." Nimeona watoto wa namna hii wakigeuka kuwa walinzi wa hadithi badala ya waharibifu.

Hatua ya 6: Katikati ya bahari

Gongesha vifuu kwa mwendo wa maji yanayopiga ubavuni. Maji yanajaa. Maji yanajaa. Kisha: maji mafu.

Papa anasema, kwa sauti ileile ya kumeza mate: "Kima, kuna jambo sikukwambia. Sultani wetu mgonjwa. Imesemwa apewe moyo wa kima." Ukiwa na watoto chini ya miaka 5, sema sentensi hiyo haraka na bila mapambo.

Hapa nyamaza. Hesabu mawimbi saba moyoni mwako. Mtambaji mchanga huogopa kimya hiki akakijaza, usikijaze. Halafu uliza swali la bibi: "Ungekuwa wewe ndiye Kima, ungefanyaje?"

Watasema aruke, ampige Papa, apige simu, aseme moyo uko nyumbani. Pokea kila jibu kwa kulirudia kama lilivyosemwa, bila "vizuri sana" kwa moja na kimya kwa lingine. Anayetoa lile la moyo kuachwa mtini mwambie ukweli: "Ndivyo bibi yangu alivyosimulia, na Kima yule aliokoka. Kima wa leo ana akili hiyohiyo, lakini kabla ya kujibu ana swali. Anamwuliza Papa: nani alikwambia? Na alisema nini, neno kwa neno?"

Hatua ya 7: Msururu wa samaki

"Turudi nyuma siku tatu." Pigeni bamvua ndefu, na muda umerudi.

Panga watoto wanane hadi kumi kwa msururu. Wengine wabaki baharini na kanga. Wa kwanza ni Kasa, tabibu. Anayefuata Kaa, halafu Pweza, Changu, Taa, na wengine wajichagulie samaki. Wewe ni Chewa, mwenye mdomo mpana, wa mwisho kabla ya Papa, na safari hii Papa ni mtoto. Mnong'oneze Kasa: "Sultani amekata tamaa. Mpeni moyo." Sharti ni kwamba kila samaki anapompa mwenzake habari aongeze neno moja lake.

Ujumbe utakaokufikia huwezi kuutabiri. Nimewahi kupokea "Sultani amekata tawi, mpeni moyo wa kuku mkubwa kesho asubuhi." Wewe Chewa, ongeza "wa kima" mahali popote panapoingia na umpe Papa, autangaze kwa sauti. Ikitokea neno "moyo" limepotelea njiani, kama linavyopotea mara nyingine, sema Chewa alikuwa jirani na Kasa akasikia kidogo, ulirudishe.

Sasa mwite Kasa mbele. "Tabibu, wewe ulisema nini?" Naye atasema ya kwanza: Sultani amekata tamaa, mpeni moyo. Baada ya vicheko vyao utaona nyuso zinabadilika.

Uliza: "Basi Kasa alitaka moyo upi?" Kimya tena, mawimbi saba. Hapa ndipo waalimu wengi hukimbilia kueleza maana, na nakusihi usifanye hivyo. Wakikwama, saidia kwa maswali tu. Mwenzako akianguka kwenye mbio, unamfanyaje? Mama akikwambia "usivunjike moyo", kuna kitu kimepasuka? Timu inapofungwa, mashabiki wanawapa nini wachezaji? Atatokea mmoja, mara nyingi si yule msemaji mkubwa, atasema taratibu: "Kumpa moyo... ni kumwambia atapona." Mwombe aseme tena wote wamsikie. Usiongeze neno.

Hatua ya 8: Kima anaamua kwa miguu

Sasa swali ambalo majibu yake mimi mwenyewe siyajui mpaka siku hiyo: Kima aende kwa Sultani, au arudi mtini?

Wasinyooshe mikono, maana mikono hunyooka kwa kumtazama mwenye nguvu. Wasimame: anayetaka kwenda aende kwenye kanga, anayetaka kurudi akae mkekani. Waulize wawili watatu kila upande sababu, na mruhusu mtu kuhama.

Hapa nina msimamo. Usiwasukume wote upande wa kusamehe. Papa hakusema uongo, lakini alimpandisha rafiki mgongoni bila kumwambia wanakwenda kufanya nini. Mtoto anayesema "mimi sipandi tena mpaka aniombe radhi" ameliona jambo ambalo tungependa kila mtoto aongoze nalo maisha yake, hasa mtu mzima anapomwambia "twende" bila kueleza. Mwache asimame hapo, na mwache Papa aombe radhi mbele ya wote. Kuna siku watoto walimkataa radhi. Hadithi iliendelea vilevile.

Wakichagua bahari, safari inaendelea hadi kwa Sultani. Wakichagua nchi kavu, Kima anabaki mtini lakini anatuma moyo: kila mtoto anashika kuyu la karatasi, analinong'oneza neno la kumtia Sultani nguvu, na Papa analibeba kikapuni. Wakigawanyika, fanyeni yote mawili. Jiandae kwa njia zote tatu kabla ya kuja, ama sivyo utaanza kuwavuta kwenye ile uliyoizoea.

Hatua ya 9: Kwa Sultani

Nani awe Sultani? Mpe mtoto mwenye haya kupita wote, akikubali. Sultani hasemi neno. Amelala tu, amejifunika kanga mpaka kidevuni, na ana kazi moja: ataketi pale tu atakaposikia kweli amepewa moyo. Asiyesema darasani ghafla ndiye anayepima maneno ya wenzake.

Watoto wanamjia mmoja mmoja. Wa kwanza watasema "pole" na "utapona". Sultani kimya. Wataanza kutafuta. Mwaka jana mtoto mmoja alishindwa kupata neno, akakaa chini kando ya Sultani, akamwambia, "Sina la kusema, nitakaa hapa." Sultani akaketi hapohapo. Sikuwa nimepanga, wala nisingeweza.

Akichukua muda mrefu mno, watoto wote waimbe kiitikio kwa kukigeuza: "Sultani rafiki, uko?" na mngoje ajibu.

Hatua ya 10: Funga kwa maneno ya wazee

"Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa njema, ni yetu sote. Ikiwa mbaya, ni yangu peke yangu." Acha waitikie, kunjeni kanga pamoja, watoto wawili kila upande. Kukunja bahari ni sehemu ya kikao. Mtoto aliyekuwa na wasiwasi wa papa huishika bahari mikononi mwake na kuiweka kikapuni.

Usiulize "tumejifunza nini?" Swali hilo huwageuza watoto kuwa wanafunzi wa mtihani, nao watakupa jibu unalolitaka. Wape makuyu yao waende nayo. Wanaopenda wayafungue nyumbani waandike au wachore ndani yake neno la kumpa mtu moyo.

Yanayoweza kukwama

Mtoto akiogopa, mpe vifuu. Mwenye kutengeneza sauti ya bahari huwa haiogopi sana. Anayetawala kila jibu mfanye Pweza na umwambie Pweza ana mikono minane, kazi yake leo ni kuhesabu wenzake wanane waliosema. Kwa watoto walio mbali, Muscat au London, wanaoelewa Kiswahili lakini hujibu kwa lugha nyingine, anza na maji manne na kiitikio, maana hivyo haviombi sentensi, na maana ya "kumpa moyo" wapate kwa mama au bibi kabla ya kikao, lakini ndani ya maneno mengine yaliyochanganywa, siri isivuje. Kwa simu ya video msururu unafanyika vizuri: kila mtoto anampigia mwenzake mmoja tu.

Vikao viwili vya kwanza vitakutoka vibaya kwenye hatua ya 7; utaona umeeleza maana kabla yao. Beba daftari, andika siku hiyohiyo ujumbe uliotoka kwenye msururu na upande walioamua. Wiki inayofuata anza kwa kuwasomea. Na wakikuuliza yule punda wa dobi aliishia wapi, hicho ni kikao kingine: kina simba, kina sungura, na kina punda aliyekubali kuitwa mara ya pili.